Battlestar Galactica ya 1978: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tamthilia iliyodumu sizoni moja tu

Kila nikiitaja hii tamthilia naulizwa maswali yaleyale, alafu nusu ya wanaouliza wanadhani naongelea ile ya miaka ya 2000. Kwaiyo nimeyaweka yote sehemu moja. Angalizo: humu nasimulia mpaka mwisho wa hadithi, kitu kina zaidi ya miaka 40, kama ulikua bado unakiwekea akiba usije kunilaumu.

Unaongelea Galactica ipi hasa?

Ya zamani. Ilianza Jumapili tarehe 17 Septemba 1978 kwenye stesheni ya ABC huko Marekani, ikaisha tarehe 29 Aprili 1979, basi, imekwisha hiyo. Aliyeitunga ni Glen A. Larson, jamaa huyohuyo aliyekuja kutuletea Knight Rider miaka michache baadae. Ukihesabu saa moja moja ni episodi 24, ila visa vyenyewe ni 17 tu maana vingine vilikatwa vipande viwili, na cha kwanza kina vipande vitatu.

Inahusu nini?

Binadamu wanaishi kwenye sayari 12 zinaitwa Makoloni, majina yake yametolewa kwenye nyota za unajimu, Caprica, Gemoni, Scorpia, Virgon na wenzake. Wamepigana na maadui wanaoitwa Cylon kwa miaka 1000. Siku moja Cylon wanasema jamani tumechoka, tusaini amani, na mshenga wa hiyo amani ni bwana mmoja anaitwa Baltar, binadamu mwenzao, kumbe keshawauza zamani. Meli za kivita zote zimejipanga angani zinasubiri sherehe ya kusaini, Cylon wanaingia na mabomu, meli zinateketea, sayari zote 12 zinapigwa, inabaki meli moja kubwa ya kivita ndo hiyo Galactica chini ya Kamanda Adama. Adama anakusanya kila chombo kinachoweza kuruka, meli za mizigo, za abiria, za mifugo, zinapatikana 220, zimejaa watu mpaka kwenye korido, anawaambia tunaenda kutafuta koloni la 13 lililopotea, linaitwa Dunia. Yani huku kwetu.

Kuna kipande cha mwanzoni kabisa ambacho mpaka leo nakiona ndo bora kuliko vyote. Apollo na mdogo wake Zac, wote marubani na watoto wa Adama, wako doria, wanakuta Cylon wamejificha wengi mno, ndege ya Zac inapigwa inarudi inachechemea. Apollo inabidi amtangulie akatoe taarifa. Adama yuko kwenye daraja la meli anaomba ruhusa arushe ndege za kujilinda, Rais yuko meli nyingine kwenye skrini anakataa eti tutaharibu amani, Baltar kasimama pembeni yake anatia sumu. Ndege ya Zac inalipuliwa mbele yao imebaki kidogo tu ifike nyumbani. Rais anauliza hicho kilikua nini, na Adama anamjibu bila kupandisha sauti kwamba huyo alikua mwanangu, mheshimiwa. Hakuna kelele wala muziki mkubwa. Lorne Greene alikua mzee wa sinema za kaboi, alicheza Bonanza tangu 1959 mpaka 1973, na pale unaona faida ya kuchukua mtu mzima aliyekomaa kazini ukampa maneno machache.

Na huyo Zac anayekufa ndani ya dakika chache ni Rick Springfield, ndio, yule mwimbaji, kabla hajawa mkubwa kwenye muziki.

Cylon ni maroboti tu au kuna mtu ndani?

Ni maroboti, yanang'aa kama sufuria mpya, jicho moja jekundu linatembea kushoto kulia kushoto kulia kwenye kofia, na sauti imepitishwa kwenye mtambo inatoka ya bati bati. Kwenye hadithi waliundwa na viumbe fulani vya jamii ya mijusi ambavyo vyenyewe vilishakufa, maroboti yakabaki yanaendeleza vita.

Sababu ya kuwa maroboti inachekesha kidogo. Wazo la mwanzo walikua ni viumbe hai waliovaa chuma, ila tamthilia ilikua inaonyeshwa saa mbili usiku watoto wakiwa macho, na stesheni za Marekani wakati ule zilikua zinabanwa sana kuhusu mauaji kwenye tivii. Ukiua mtu 50 kwa saa moja utapigiwa kelele, ukilipua roboti 50 hakuna anayelalamika. Kwaiyo wakageuzwa mashine na stelingi wetu wakapata ruhusa ya kufyeka watakavyo.

Madhara yake ni kwamba adui akawa mjinga. Ndege moja ya Cylon ina marubani watatu na bado wanamkosa binadamu mmoja aliye mbele ya pua yao. Episodi ya kwanza hawa watu wameteketeza sayari 12, kufika ya kumi hawawezi kuteketeza hata kibanda.

Kama watu waliipenda kwa nini ilipigwa chini?

Hili ndo swali kubwa na jibu ambalo mashabiki wengi wanalitoa, kwamba stesheni walikua wapumbavu hawaelewi sanaa, mi silikubali lote.

Tuanze na hela. Kila saa moja ilikua inagharimu karibu dola milioni 1, na kwa mwaka 1978 hiyo ilikua pesa ya kutisha, hakuna tamthilia ya kila wiki iliyokua inakula hivyo. Ukitumia hela hiyo bosi hatarajii uwe wa 20 na kitu, anatarajia uwe kwenye tatu bora. Galactica ilianza juu sana, usiku wa kwanza walitajwa watazamaji milioni 65, alafu ikaanza kushuka. CBS, stesheni pinzani, wakaileta All in the Family, ile komedi yao iliyokua imeshika nchi nzima, wakaiweka saa ileile. Galactica haikua imekufa hapo, ilimaliza mwaka ikiwa kwenye nafasi ambayo tamthilia ya bei rahisi ingeongezewa mwaka mwingine bila maswali. Ila kwa dola milioni 1 kila wiki, hapana.

Alafu kuna upande ambao mashabiki hawapendi kuugusa. Mpango wa mwanzo haukua tamthilia ya kila wiki. Ilikua ni muvi moja ya masaa matatu na muvi mbili za masaa mawili mawili, kazi inaisha watu wanapumzika. ABC wakaona wenyewe ni dhahabu, wakasema tunataka kila wiki. Sasa fikiria uko na skripti za masaa 7 ulizoandaa kwa utulivu, ghafla unatakiwa masaa zaidi ya 20 na tarehe ya kurushwa imeshatangazwa. Wakawa wanaandika huku wanapiga picha, na inaonekana. Kuna episodi ya Apollo kuanguka kwenye kasayari kenye kamji kamoja kadogo, mjane, mtoto wake na jambazi anayewatoza kodi, yani sinema ya kaboi umeiondoa farasi kidogo ukaweka Cylon mmoja mlevi wa risasi. Kuna nyingine ni sinema ya vita ya kupanda mlima wa barafu kulipua mzinga. Zote ulishaziona kabla, tena zikiwa nzuri zaidi.

Kwaiyo mi nasema hivi: haikuuawa na watu kutoielewa. Iliuawa na kupendwa haraka na mtu mwenye ratiba. Wangeiacha iwe zile muvi tatu tu leo tungekua tunaiongelea kwa heshima kubwa zaidi.

Na kisasi kilikuja chenyewe, maana baada ya kuitoa ABC waliihamishia Mork & Mindy kwenye hiyo Jumapili saa mbili msimu uliofuata, komedi iliyokua inaongoza kila mahali, nayo ikaporomoka vibaya.

Ni kweli usiku wa kwanza ilikatizwa na habari?

Kweli kabisa. Ile tarehe 17 Septemba 1978 ndo siku Rais Carter, Menachem Begin wa Israel na Anwar Sadat wa Misri walisaini makubaliano ya Camp David pale Ikulu ya Marekani. Stesheni zikakata vipindi kwenda laivu. Kwaiyo watu walikua wanatazama hadithi ya mkataba wa amani uliogeuka mauaji, wanakatizwa waonyeshwe mkataba wa amani wa kweli, alafu wanarudishwa kwenye mauaji. Sherehe za tuzo za Emmy zilikua zinaendelea CBS usiku huohuo nazo zikakatizwa vilevile.

Waliiba kwa Star Wars?

Kampuni ya 20th Century Fox, wenye Star Wars, iliamini hivyo na wakaenda mahakamani 1978 dhidi ya Universal, waliotengeneza Galactica, wakiorodhesha vitu 34 walivyodai vimefanana. Universal nao hawakukaa kimya, wakafungua yao wakisema nyie ndo mliiba vile viroboti vidogo kutoka muvi yetu ya Silent Running ya 1972. Kesi ikaunguruma miaka. Mahakama ya chini iliwapa Universal ushindi, mahakama ya rufaa 1983 ikasema hapana hili jambo linahitaji kusikilizwa vizuri, likarudishwa, mwishowe pande mbili zikamalizana.

Maoni yangu? Muonekano wamechukua, hilo halina mjadala, na walimchukua mpaka fundi mwenyewe. John Dykstra aliyesimamia efekti za Star Wars ndo aliyezisimamia za Galactica, na Ralph McQuarrie aliyechora picha za kubuni za Star Wars alichora na huku pia. Ukiajiri mafundi walewale nyumba zitafanana. Ila hadithi ni nyingine kabisa. Star Wars ni kijana anayetoka shamba kwenda kuwa shujaa. Huku ni msafara wa wakimbizi, watu wana njaa, maji hayatoshi, kuna matajiri kwenye meli moja wanakula vizuri wakati meli ya jirani watu wanazimia, na baraza la wazee wa busara linataka kusalimu amri kila wiki. Larson alikua na wazo la namna hii tangu mwisho wa miaka ya 60, wakati huo aliliita Adam's Ark. Lilichopata baada ya Star Wars kutoka 1977 ni mtu wa kulilipia.

Mbona mapigano yote yanafanana?

Kwa sababu ni yaleyale! Sio macho yako. Dykstra na watu wake walifanya kazi ya mwanzo wakaondoka, na picha za vyombo vidogo zilikua ghali mno, kwaiyo kila wiki wakawa wanachukua vipande vilivyopo wanavipanga upya. Ukikaa ukatazama episodi tatu mfululizo utaanza kuvijua kwa majina. Kuna ule wa ndege tatu kutoka kwenye mabomba ya kurushia, kofia za marubani zinawaka taa kwa ndani, kidole kinabonyeza kitufe kwenye usukani, moto nyuma, fyuu. Kuna ule wa ndege ya Cylon kupita kulia kwenda kushoto na kulipuka. Wakati mwingine huohuo wa kulipuka umetumika mara mbili kwenye pigano moja, ilimradi wameugeuza upande.

Lakini vile vipande vya asili ni vizuri jamani. Modeli ya Galactica yenyewe ilikua na urefu karibu futi 6, imebandikwa vipuri vidogo vidogo vya midoli ya kuunganisha kila kona, na ikipita taratibu mbele ya kamera unaamini kwamba kitu hiki kina watu ndani. Kwenye daraja la meli zile kompyuta nazo hazikua maboksi ya mbao, ilikua mitambo halisi ya kampuni ya Tektronix, inawaka na inafanya kazi.

Yule mbwa wa roboti walimfanyaje?

Anaitwa Muffit, kwenye hadithi ni daggit, mnyama wa huko kwao. Mtoto Boxey kapoteza daggit wake kwenye mashambulizi, mafundi wanamtengenezea wa bandia. Ndani ya hilo vazi la manyoya na chuma alikuwemo sokwe. Ndio, sokwe mzima, jike, jina lake Evolution, wakimwita Evie. Ndo maana anatembea vile kwa kudunda na anamkumbatia mtoto kwa namna ambayo mbwa hawezi. Ukishajua huwezi tena kuacha kuona. Mi huwa namuonea huruma, vazi lenyewe lilikua zito na taa za studio unazijua.

Nasikia kuna mambo ya dini ndani yake?

Yapo mengi. Larson alikua muumini wa kanisa la Wamormoni na aliyapenyeza bila kuficha sana. Kuna baraza la watu 12, kuna sayari mama inaitwa Kobol wakati kwenye mafundisho yao kuna Kolob, kuna ndoa zinazofungwa kwa ajili ya milele yote na sio mpaka kifo tu. Kwenye kisa cha "War of the Gods" wanatokea viumbe wa nuru wakiwa kwenye meli inayong'aa, na anatokea Count Iblis, ndio Iblis, hawakuhangaika hata kubadili jina, anawaahidi watu kila wanachotaka wamfuate. Anayemcheza ni Patrick Macnee, ambaye sauti yake ndo inayosimulia mwanzo wa kila episodi na pia ndo sauti ya kiongozi mkuu wa Cylon. Mashabiki wakiona hivyo wakaunganisha wenyewe.

Ila kuna sehemu moja nakunja uso. Yale maneno ya mwanzo yanasema huenda hawa wa angani ndo walikua mababu wa Wamisri wa kale, wa Watolteki na wa Wamaya. Kofia za marubani zimechongwa kwa staili ya mafarao, na Kobol walienda kupiga picha Giza kwenye piramidi zenyewe. Pazuri kwa macho, nakubali. Ila lile wazo la kwamba piramidi za Afrika lazima ziwe na mkono wa mtu kutoka nyota nyingine lilikua fasheni ya miaka ile ya 70, na huwa halifiki kwenye makanisa makubwa ya Ulaya, ajabu eh.

Watu weusi walikuwemo?

Walikuwemo, na sio wa kupita na sahani. Kanali Tigh ndo msaidizi wa Adama, mtu wa pili kwa madaraka kwenye meli nzima, kachezwa na Terry Carter. Luteni Boomer ni rubani na rafiki wa karibu wa Apollo na rubani mwenzao Starbuck, kachezwa na Herb Jefferson Jr. Na hawakufa ili stelingi mzungu apate hasira, walikaa mpaka episodi ya mwisho. Kwa 1978 hiyo haikua kawaida. Kuna kisa kizuri kwamba Carter ndo alikua achukue nafasi ya Boomer, akaumia kifundo cha mguu kwenye skate, nafasi ikaenda kwa Jefferson, alafu Carter alivyopona wakamrudisha wakampa cheo kikubwa zaidi. Kuanguka kwenye skate ukaamka Kanali.

Wanawake walipata nusunusu. Kuna kisa marubani wa kiume wanaugua karibu wote inabidi wasichana wafundishwe kurusha ndege, na wanaweza, alafu wiki zinazofuata wengi wao hatuwaoni tena. Cassiopeia alianza akiwa anauza mapenzi kihalali na anaheshimika, stesheni ikashtuka, akageuka nesi bila maelezo.

Baltar si alikatwa kichwa? Mbona anaonekana tena?

Inategemea uliona toleo gani. Kuna muvi iliyokatwa kutoka ule mwanzo wa masaa matatu, ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema Canada hata kabla tivii haijaanza Marekani, na nchi nyingi duniani zilikutana na Galactica kwa njia hiyo. Humo Baltar anauawa na Cylon mara tu baada ya kuwasaidia, malipo ya msaliti. Kwenye tivii wakaona John Colicos anafanya usaliti kwa raha sana kumpoteza hivyo, wakamuacha hai wakampa meli na msaidizi roboti mwenye maneno ya kejeli anaitwa Lucifer.

Hii inajibu pia wanaouliza kama ilifika huku kwetu. Tanzania bara tivii imeanza 1994, Zanzibar ndo walitangulia tangu miaka ya 70, kwaiyo bara aliyeijua mapema aliijua kwa mkanda wa VHS. Mi nilikutana nayo kwenye deki kwa mjomba, ikiwa ni muvi, Baltar kakatwa kichwa, na nilivyokuja kuona episodi zenyewe ukubwani nikajua mtu kafufuka.

Dirk Benedict si ndo yule wa The A-Team?

Ndo yeye, Face. Huku ni Starbuck, rubani mcheza kamari, sigara kubwa mdomoni, wasichana wawili kwa wakati mmoja na uongo wa kila aina. Ukitazama mwanzo wa A-Team kuna sehemu roboti la Cylon linapita mbele yake, anageuka na kunyanyua kidole kama anataka kusema mbona huyu namjua, alafu anaacha. Huo ni utani wa Galactica. Na ile taa nyekundu inayotembea kwenye pua ya gari la Knight Rider ni jicho la Cylon, Larson alijiibia mwenyewe.

Kuna mtoto alikufa kwa sababu ya mdoli wa Galactica?

Kwa bahati mbaya ndio. Kampuni ya Mattel ilitengeneza vindege vya Viper, zile ndege za kivita za akina Apollo, vinavyorusha vikombora vidogo vya plastiki, mtoto mmoja Marekani kikamkaba kooni akafariki. Wakavirudisha, na matoleo yaliyofuata vikombora vikawa vimegandishwa havitoki. Watengeneza midoli wengine nao wakawa waangalifu zaidi baada ya hapo.

Galactica 1980 ndo sizoni ya pili?

Kwa karatasi ndio. Kwa roho, aah. Mashabiki waliandika barua nyingi, ABC wakairudisha Januari 1980 kwa bei ya kutupa. Sasa Galactica imefika Duniani na ni mwaka 1980, kwaiyo hakuna haja ya kujenga chochote, toka nje piga picha barabarani California. Apollo hayupo, Starbuck hayupo, Adama kafuga ndevu za kubandika, Boxey kawa mkubwa anaitwa Troy, wanaendesha pikipiki zinazopaa, na kuna kundi la watoto wa angani wanaoruka juu sana kwenye besiboli kwa sababu mvutano wa Dunia kwao ni mdogo. Nyongeza ya balaa ni kwamba iliwekwa saa moja jioni, muda wa watoto, ambao ulikua na masharti ya mafundisho, kwaiyo katikati ya hatari mtu anasimama anafundisha sayansi. Ilidumu episodi 10.

Kwaiyo ile ya kwanza iliishaje? Walifika au hawakufika?

Hawakufika. Episodi ya mwisho, "The Hand of God", wanakuta kijumba cha kale cha kuangalia nyota juu ya meli, wananasa picha hafifu zisizojulikana zimetoka wapi. Baadae Apollo na Starbuck wanapanda ndege ya Cylon iliyotekwa wanaingia kwenye meli mama ya adui kuzima rada yake, Galactica inaenda uso kwa uso nayo kwa mara ya kwanza, hakuna kukimbia, na inashinda. Wanarudi kule juu wamechoka, wanakaa kidogo, wanaondoka. Wakishatoka tu skrini inanasa picha tena, na mara hii ni Apollo 11 inatua mwezini, 1969. Hakuna aliyeiona. Waliotengeneza hawakua na uhakika kama huo ndo mwisho, ila hata ungewapa mwaka mzima wa kufikiri wasingepata mwisho mzuri kuliko huo.

Ile ya 2003 ina tofauti gani?

Ronald D. Moore alichukua mifupa akaweka nyama nyingine. Cylon wametengenezwa na binadamu wenyewe na wengine wanafanana na binadamu, Starbuck ni mwanamke, kachezwa na Katee Sackhoff, Adama ni Edward James Olmos. Ilianza na muvi ya vipande viwili Desemba 2003, ikaendelea mpaka Machi 2009. Kwa ubora wa uandishi inaipiga ya zamani, sina ubishi na hilo, ila ni nzito, kuna wiki unamaliza unataka kulala gizani.

Dirk Benedict aliandika kulalamika sana kuhusu Starbuck kuwa mwanamke. Richard Hatch, yule Apollo, hadithi yake ndo inanigusa zaidi. Alipigania Galactica irudi kwa miaka mingi, akaandika vitabu, mwishoni mwa miaka ya 90 akatoa hela zake mwenyewe kutengeneza trela ya kuwaonyesha Universal kwamba inawezekana. Ikarudi, bila yeye kwenye usukani. Alinuna kwanza, alafu akakubali kucheza ndani yake kama Tom Zarek, mfungwa wa kisiasa ambaye hujui umpende au umuogope, na hapo ndo watu wengi waligundua kwamba huyu mtu ni mwigizaji wa kweli. Alifariki Februari 2017.

Wengine waliotangulia ni nani?

Lorne Greene 1987, John Colicos 2000, Larson mwenyewe 2014, na Terry Carter 2024.

Sina muda wa masaa 24, nitazame zipi?

Anza na ule mwanzo wote, "Saga of a Star World", vipande vitatu, usiruke hata kimoja, ukifika kwenye ile kasino ya wadudu ndo utajua kwa nini watoto wa wakati ule hawakulala. Alafu "The Living Legend", vipande viwili, inatokea meli nyingine ya kivita Pegasus iliyodhaniwa imekufa, kamanda wake Cain ni Lloyd Bridges, anataka vita kila siku na anamkera Adama mpaka raha, pale tamthilia inakumbuka kwamba watu wawili wazima wakibishana kwa hoja inatosha. Kisha "War of the Gods" kwa ajili ya Iblis. "The Man with Nine Lives" kama unataka kumuona mcheza dansi Fred Astaire akiwa mzee anajidai baba yake Starbuck. Malizia na "The Hand of God".

Ruka "The Magnificent Warriors", wanafukuzana na viumbe nusu mtu nusu nguruwe ili wapate mbegu, sitaki kuiongelea. "Greetings from Earth" ni masaa mawili na ina maroboti mawili yanayocheza na kuimba, mwenye moyo atazame.

Kwenye Galactica 1980 chukua moja tu, ile ya kumi, "The Return of Starbuck". Starbuck kaanguka peke yake kwenye sayari tupu, upweke unamtesa mpaka anaokota vipande vya Cylon aliyekufa anamuunganisha upya ili apate wa kuongea nae, wanabishana, wanacheza karata, wanakua marafiki. Hakuna pikipiki wala watoto wanaoruka. Hiyo unaweza kuitazama hata kama hujaona nyingine yoyote.